Siku Nilipomtarjumia Mholanzi

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema nimeificha: nilimchukua mtu aliyeshinda mbio moja tu katika maisha yake yote, nikamgeuza bingwa wa Ulaya nzima mbele ya wanaume arubaini waliokaa wanakunywa kahawa, na baba yangu akiwa mmoja wao. Hakuna aliyenituma. Baadaye nilijitetea kwamba nilifanya kwa huruma, lakini nyinyi mnanijua, mdomo wangu ukishapata mteremko haungoji ruhusa ya mwenyewe.

Mtu huyo alikuwa Mholanzi, jina lake Piet, na sisi tukamwita Bwana Piti. Alikuwa mpimaji katika kambi ya wanaojenga barabara hapa Ibra, Omani, na baba alikuwa mtunza ghala wa kambi hiyo hiyo, ndipo tulipojuana. Juu alikuwa mwembamba, na chini ana mapaja ambayo hayakulingana kabisa na mwili wake, utadhani kaazima. Kila alfajiri watu wakitoka msikitini walimkuta anapita juu ya lami mpya, kainama juu ya baiskeli nyembamba kama mfupa wa samaki, mbio mpaka kwenye daraja la wadi, ule mto mkavu, anageuka, anarudi. Wazee waliulizana nani anamfukuza. Mmoja alishikilia kwamba ni dawa ya tumbo, daktari kamwandikia.

Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Si kwamba ziliharibika, ilizaliwa bila breki, na gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka nalo, upende usipende, huwezi kuupumzisha mguu hata kidogo, na ukitaka kusimama inabidi ushindane nalo kwa miguu mpaka likubali. Nilimuuliza siku moja, "Sasa Bwana Piti, mtu akikukatizia njia?" Akasema, "Kule ilikotengenezewa hakatizi mtu." Nikaona ni jibu zuri, nikasahau kwamba hapa Ibra kila kitu kinakatiza, mbuzi, watoto, na magari ya watu waliojifunza kuendesha wiki iliyopita.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halikuwa la kuchekesha kwa mama. Sisi tumetoka Tabora, tumekuja Omani mimi nikiwa na miaka saba, lakini mjomba Seif, ndugu yake mama wa pekee, alibaki kule na wanawe wanne. Ili apate pasi ya kuja, ilitakiwa barua ya sheikh wa kabila inayosema huyu ni mtu wetu, babu yake alitoka mtaa fulani, shamba lao liko pale (baba na mama ni watoto wa ndugu, kwa hiyo sheikh mmoja alitutosha sote). Mama aliingoja barua hiyo miaka miwili. Sheikh Hamdan hakukataa, ila alikuwa mtu wa taratibu, haweki muhuri wake mpaka ayajue maneno ya mtu yana uzito gani, na sisi kwake tulikuwa bado wageni, wale waliokuja na ndege wakizungumza Kisawahili. Kila baba akirudi kutoka kwa sheikh, mama alimwangalia mikono kwanza, uso baadaye.

Basi siku ile sheikh akamtumia baba neno: Nasor, mlete huyo Mholanzi wako sablani, tumjue. Mkija huku bara ya Omani mtaona, kila mtaa una sabla yake, ukumbi wa wanaume, na mgeni akishakula tende na kunywa kahawa huulizwa ulum, yaani habari zake, na watu wote hunyamaza wamsikilize, si kama kwetu Tabora ambako unaulizwa hujambo na aliyekuuliza keshapita. Mgeni hutoa habari za njia, za mvua, nani kafa, nani kaoa, na zikiwa nzito ndiyo heshima ya mwenye nyumba. Kiarabu cha baba kilikuwa cha kununulia samaki, hivyo nikachukuliwa mimi nitarjumu, kwa kuwa nina Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha baba.

"Ulum, ya Piti," sheikh akasema, na sabla yote ikatulia.

"Mimi sina habari kubwa," Bwana Piti akaniambia kwa Kiingereza, kakunja miguu yake mirefu kwa taabu. "Labda waambie ya baiskeli, maana naona wanaiangalia."

Akaanza. Alisema kwao alikuwa anafanya kazi kiwanda cha jibini, mchana kutwa anageuza majibini makubwa kama magurudumu yasiote ukungu upande mmoja, na jioni anakwenda kwenye uwanja wa mbao, wa duara, umeinuka pembeni kama bakuli, anashindana baiskeli. Kwa ridhaa, si kwa mshahara. Alifanya hivyo miaka kumi na mbili. Mara nyingi alikuwa wa nne (wa nne, akasema, ndiye mtu wa kwanza ambaye hapigwi picha). Mara moja tu alishinda, kwa sababu wawili waliokuwa mbele yake walikumbana wakaanguka, akapewa saa ya ukutani, na saa ikafa baada ya wiki. Halafu goti likaanza kumuuma, akajifunza upimaji, ndiyo huyu yuko hapa. Akamaliza, akatabasamu, ameridhika kabisa.

Nikaangalia nyuso za watu. Sheikh alikuwa bado anangoja habari ianze. Mzee mmoja alikuwa keshaanza kuangalia dari. Nikawaza, mgeni wetu wa kwanza tuliyemleta sisi watu wa Tabora, na habari zake ni jibini. Nikafungua mdomo.

Nikasema mgeni anamiliki kiwanda cha jibini. Nikasema alishindana katika nchi nne. Wale wawili walioanguka nikawafanya Mfaransa na Mtaliana, wakaanguka kwa hofu walipomsikia anakuja nyuma. Saa ya ukutani ikawa ya dhahabu, na aliyempa ni malkia wao, kwa mkono wake. Na kwa kuwa nilishafika mbali na kurudi ni kazi, nikamalizia: miaka kumi na mbili hajashindwa hata siku moja.

Sabla ikachangamka. Watu wakasogea mbele. Bwana Piti, alipoona wamefurahi, naye akawa anatikisa kichwa kukubali kila neno asilolielewa. Baba alikuwa katia tende mdomoni, hakuitafuna tena.

Sheikh akamgeukia. "Nasor, mgeni wako ndivyo alivyo?"

Baba akaniangalia mimi, akamwangalia Bwana Piti anayetikisa kichwa, akawaangalia wale arubaini. Kusema hapana ni kumwita mwanawe mwongo na kumvunjia mgeni heshima katika nyumba ya mtu. "Ndivyo, sheikh," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kokwa (na nadhani aliimeza kweli, kwa sababu sikuiona tena).

Hapo ndipo Saud, mpwa wa sheikh, kijana mwenye ngamia ambaye tangu aachishwe kunyonya hajapitwa na mnyama mwenzake, akasema, basi bingwa asiondoke hivi hivi, Ijumaa baada ya Alasiri tukutane barabarani, kutoka kituo cha petroli mpaka darajani, yeye na baiskeli yake, mimi na ngamia wangu. Wote wakasema wallah, maneno hayo. Na sheikh, aliyekuwa keshafurahi kupita kiasi, akamwambia baba, "Ile barua ya shemeji yako, Nasor, Ijumaa hiyo hiyo nitakupa mkononi, mbele ya watu. Anayetuletea wageni namna hii lazima tumjue."

Tulipofika mlangoni baba akasema, "Kesho utakwenda kwa sheikh kumwambia kweli." Nikasema ndiyo baba. Lakini kesho asubuhi, kabla sijavaa viatu, akaja mtu wa sheikh na paja la mbuzi na salamu, na kwamba barua imeshaandikwa, imebaki muhuri. Mama akasimama ukumbini kalishika lile paja kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, machozi yanamtoka, anamwambia mdogo wangu Zuwena atafute kalamu wamwandikie mjomba ajitayarishe. Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia paja. Viatu nikavirudisha.

Kwa Bwana Piti nilikwenda nikamwambia ni mchezo mdogo tu, wa kufurahisha watoto. Akauliza, "Mbio fupi au mbio ndefu?" Nikasema fupi (sikujua kwamba kwao fupi na ndefu zina taratibu mbalimbali kabisa, mimi najua mbio ni kukimbia). Macho yakamng'ara. Akasema ni miaka sita hakuna mtu aliyemwita katika mashindano. Siku mbili zile alikuwa anaipaka baiskeli mafuta, anaifuta, anaipaka tena.

Ijumaa ilikuja nusu ya Ibra. Wanaume walijipanga kandokando ya lami, sheikh kakaa juu ya zulia, kifuani mwake ncha ya karatasi inachungulia. Wanawake waliketi mbali kidogo, upande wa mashamba, juu ya mkeka karibu na mfereji wa falaj, na chupa za kahawa na sinia za halwa, na mama kwa mara ya kwanza kakaa ubavuni mwa mke wa sheikh. Baba alikuwa kavaa jambia ya kuazima, imemwelemea upande mmoja.

Bwana Piti akatokea. Alikuwa kavaa suruali ya mashindano, nyeusi, ya kubana, imeishia pale paja linapoanza kuwa paja. Yale mapaja niliyowaambia. Sheikh akaangalia mbinguni. Mkeka mzima wa wanawake ukageuka kuangalia migomba kama kwamba migomba imeita. Baba akanifinya, "Hukumwambia avae nini?" Sikumwambia. Mzee mmoja akaleta wizari, ile nguo ya kiunoni, Bwana Piti akashukuru sana, akadhani ni zawadi ya bingwa, akajifunga juu ya suruali.

Sheikh akaangusha leso. Mbio zikaanza, na hakwenda mtu.

Bwana Piti alipanda baiskeli, akasogea hatua mbili, akasimama. Kasimama juu ya baiskeli, miguu yote kwenye pedeli, haanguki, haendi mbele wala nyuma, anamwangalia Saud kwa pembe ya jicho. Alinieleza baadaye kwamba katika mbio zao fupi anayetangulia ndiye mjinga, kwa sababu wa nyuma anajificha upepo mgongoni mwake kisha anampita mwishoni, kwa hiyo mabingwa husimama hivyo kila mmoja anamngoja mwenzake achoke. Lakini hilo ni baadaye. Wakati ule Saud aliniita kutoka juu ya ngamia, "We Khalfani, mbona haendi?"

Nami sikujua. Ningesema sijui yangekwisha. Nikasema, "Anakungoja utangulie. Kwao mgeni hamtangulii mwenye nyumba."

Sasa hebu niambieni, ukimwambia maneno hayo kijana aliyelelewa na Sheikh Hamdan, utegemee nini? Hawa ni watu ambao mlangoni tu hufika nusu saa, tafadhal, la wallah tafadhal wewe, mpaka chakula kinapoa. Saud akaweka mkono kifuani. "La wallah, sitangulii. Mwambie tafadhal."

"Anasema tafadhali," nikamwambia Bwana Piti.

"Haya ni maarifa ya zamani," akajibu kwa meno yaliyobanwa, jasho linamtiririka. "Hanipati."

"Anasema haiwezekani, wewe ndiye mwenye nyumba."

"Naye ndiye mgeni wangu. Wallahi sitangulii."

Wakakaa hivyo. Ngamia akainamisha shingo, akainusa tairi ya mbele. Wazee mwanzo walisifu, wakasema tazama adabu ya yule nasrani, lakini jua likawa linashuka, watoto wakaanza kulia, na mtu mmoja akauliza kama mbio zimeanza au zimekwisha. Sheikh akatazama saa yake, akagusa ile karatasi. Nikaona nikingoja zaidi Maghribi itaingia, watu watatawanyika, na barua itarudi nyumbani kwa sheikh. Nikazunguka taratibu nyuma ya ngamia, nikampiga kofi la matako.

Ngamia hakufuata lami. Lami ilikuwa haina kitu cha kumpendeza. Kule kwenye mashamba, karibu na mkeka wa wanawake, kulikuwa na gari limejaa majani mabichi ya mifugo, na huko ndiko alikoelekea, na Saud juu yake anaomba radhi kwa kutangulia. Bwana Piti akaona mpinzani kaondoka, akaangusha kichwa, akamfuata. Na kwa kuwa ile ndiyo kazi aliyoijua miaka kumi na mbili, kujificha upepo, alibanana nyuma ya mkia wa ngamia kabisa, haoni mbele, haoni pembeni, popote ngamia anapokata naye anakata, kwenye mawe, kwenye mchanga, juu ya tuta la shamba la mtu. Wizari ikaingia katika mnyororo. Mnyororo ukaivuta kidogo kidogo, kama mtu anayekunja mkeka.

Ngamia akafika kwenye majani, akasimama. Bwana Piti hakusimama, mnajua kwa nini. Akapita chini ya shingo ya ngamia, akapita katikati ya mkeka baina ya chupa za kahawa, wanawake wakigawanyika kulia na kushoto, akaikanyaga sinia moja ya halwa ambayo ilimpunguzia mwendo lakini haikumtosha, akaingia falaj, yeye na baiskeli. Wizari ilibaki kwenye mnyororo. Maji ya falaj yanafika magotini.

Wa kwanza kusogea alikuwa mama. Aliivua kanga yake ya juu, akageuza uso pembeni, akamrushia. Tulipofika mbio tulimkuta Bwana Piti kakaa ndani ya maji, kajifunga kanga nyekundu mpaka kwapani, goti linatoka damu, anacheka.

Akauliza jambo kwa Kiingereza, na kabla sijafungua mdomo, Ustadh Fathi, mwalimu wetu wa Kiingereza, Mmisri, ambaye alikuja kutazama kama watu wengine, akamtarjumia sheikh: "Anauliza ameshinda au hakushinda."

Sheikh akacheka. "Mtu aliyeishinda Ulaya nzima anauliza hivyo?"

Ustadh akayapeleka. Bwana Piti akakunja uso, akajibu, na Ustadh, mtu asiyeongeza wala kupunguza hata alama za mtihani, akasema: "Anasema Ulaya nani? Katika maisha yake ameshinda mara moja tu, wawili walipoanguka. Kama leo ameshinda, hii ya pili."

Sikumbuki kama kulikuwa na upepo. Baba alisogea mbele na jambia yake ya kuazima. "Sheikh," akasema kwa Kiarabu chake cha samaki, "mwanangu aliongeza. Mimi nilisikia, ukaniuliza, nikakubali. Uongo wa kwanza wake, wa pili wangu."

Sheikh akaitoa ile karatasi kifuani, akaifungua. "Hapa pameandikwa Seif ni mtu wetu, kwa ushahidi wa Nasor. Sasa muhuri niupige juu ya neno la nani?" Hakusema kwa hasira. Akaikunja, akairudisha kifuani, akaondoka na watu wake. Mama alikuwa kasimama na kanga moja, anakiangalia kile kifua kinavyokwenda.

Nyumbani hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenisema, wakaniwekea chakula kama kawaida, na ningependa kupigwa. Asubuhi nikavaa vile viatu, nikaenda kwa sheikh peke yangu. Nikamshika mkono, nikamwomba anipe ruhusa nizitoe zile habari upya. Aliniacha nimesimama mpaka kahawa yake ikaisha. "Ijumaa," akasema. "Mbele ya wale wale."

Ijumaa nikasimama sablani, masikio yanawaka, Bwana Piti pembeni yangu na goti lililofungwa, safari hii kavaa suruali ndefu, na Ustadh Fathi kakaa karibu kunisikiliza. Nikasema kiwanda si chake, yeye alikuwa mgeuza majibini. Nikasema wa nne. Nikasema saa ilikufa. Kila neno lilitoka kama jino. Na jambo la ajabu, hakuna aliyeangalia dari. Waliuliza majibini yanageuzwa mara ngapi, na kwa nini baiskeli haina breki, na waliposikia kwamba kule kusimama ilikuwa ni kumvizia Saud amwibie upepo, Saud, aliyekaa juu ya ngamia saa nzima kwa adabu, alicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Mzee wa dari akauliza, mtu wa nne miaka kumi na mbili, kwa nini alirudi kila wiki? Nikamuuliza Bwana Piti.

"Kwa sababu kulikuwa na mbio," akasema.

Nikatarjumu hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa. Sheikh akaagiza kahawa nyingine, kisha akaagiza muhuri, akamwambia baba, "Haya nimeyasikia."

Tangu siku hiyo sijaongeza kitu katika maneno ya mtu, hata kijiko cha sukari, na nikiombwa kutarjumu natafuta mlango uliko. Barua niliibeba mimi mwenyewe mpaka nyumbani, nikampa mama kwa mikono miwili. Aliufungua ule ukurasa, akaugusa muhuri kwa kidole, akaukunja, akautia kifuani. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, akasema: "Mjomba wako hajui Kiarabu hata cha salamu. Akifika atatarjumiwa na Zuwena. Wewe utabeba masanduku."